Namna ya Kutoa Mhadhara wa Hisabati Usioeleweka

Umealikwa kuwasilisha utafiti wako wa hisabati. Hongera. Kumbuka lengo: wasikilizaji watoke wakiamini wewe ni bingwa, kwa kuwa hawakuambulia kitu.

Anza na mada. Ifiche. Andrew Wiles alipokwenda Cambridge Juni 1993 na uthibitisho wa fumbo la Fermat, lililowashinda watu zaidi ya miaka 350, mada yake haikumtaja Fermat hata kidogo. Ilitaja mikunjo ya eliptiki na uwakilishi wa Galois. Alihadhiri siku tatu, habari yenyewe akaitoa mwishoni. Baadaye uthibitisho ukakutwa na pengo, akaliziba mwaka 1994 akisaidiwa na Richard Taylor. Pengo lako wewe litaonekana papo hapo, kwa hiyo ongea haraka.

Slaidi ziwe sitini kwa dakika hamsini. Kila unapofika kwenye fasili ngumu sema, "Hili sote tunalijua," kisha bonyeza.

Wa kumwepuka ni Frank Nelson Cole. Inasimuliwa kwamba mwaka 1903, kwenye kikao cha wanahisabati New York, alikwenda ubaoni kimya, akakokotoa 2 kwa kipeo cha 67, akatoa 1. Kisha pembeni akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana: kumbe namba hiyo si tasa. Akaweka chaki chini, akarudi kukaa bila kutamka neno, ukumbi ukampigia makofi. Kila aliyejua kuzidisha alielewa. Aibu iliyoje! Na slaidi hata moja hakuwa nayo.

Sasa matumizi, maana anayetoa fedha za utafiti huenda yumo ukumbini. Mwanahisabati G. H. Hardy aliandika mwaka 1940 kwamba hakuna aliyegundua kazi yoyote ya kivita ya nadharia ya namba, na hilo lilimfurahisha. Ilipofika 1977, Rivest, Shamir na Adleman wakatumia namba tasa kufungia siri, na leo mbinu za ukoo huo zinalinda benki na majeshi pia. Funzo kwako ni jepesi: slaidi ya mwisho weka picha ya kufuli, hata kama unachunguza mafundo ya kamba. Kufuli ikikataa kabisa, andika "akili mnemba". Hiyo haijawahi kumkataa mtu. Ndani yake kumejaa kuzidisha matriki, na matriki huwezi kuikosa kwenye utafiti wako ukitafuta vizuri.

Yanabaki maswali. Akiuliza kijana kama modeli yako imejaribiwa kwa takwimu halisi, jibu kwamba hilo umewaachia watafiti wajao. Wa kuogopwa ni profesa mstaafu wa kiti cha mbele, aliyesinzia tangu salamu. Atafumbua jicho moja na kuuliza ile alama ya slaidi ya pili ina maana gani. Mshukuru kwa swali zuri. Mwambie, "Shikamoo Profesa, tutalijadili kwenye chai." Chai ikimiminwa, uwe umeshapanda daladala.