Nyuzi za Buibui katika Nyumba ya Makasha

Ilikuwapo nchi ya wanyama iliyotajirika kwa biashara ya nta, asali na karafuu, na mfalme wake, Nyati, alichukia mambo mawili tu duniani: kungoja na kuulizwa. Hati zake zote zililala katika nyumba aliyoipanga kwa Tembo, tajiri aliyekuwa na wapangaji wengi waliotenganishwa kwa viambaza vyembamba. Humo mlikuwa na Kasha la Wateja, Kasha la Mizigo na Kasha la Madeni. Kila hati iliyoingia ilidai mkono wa mtu: Kobe asahihishe jina, Sungura aandike deni, Bata apeleke habari bandarini. Lakini Kobe alichelewa, Sungura alisahau, na Bata alifika bandarini akakumbuka kuogelea. Ndipo akaitwa Buibui.

Buibui, fundi asiye na maneno mengi, alieleza kwamba nyuzi zake ni za namna mbili. Uzi wa kwanza huguswa hati ingali mkononi, kabla haijalala kashani, ili kosa lililomo lirekebishwe papo hapo. Uzi wa pili huguswa hati ikishalala na kupewa nambari yake, ili makasha mengine yapate habari. Baraza liliitikia kwa vichwa, kama waitikiavyo wasikilizaji wanaongoja kutajiwa bei.

Tangu siku ile kila mkubwa alitaka uzi wake, maana mkubwa asiye na uzi alionekana hana kazi. Kasuku akatundika wa kujaza mtaa wa mteja. Kima naye, kwenye kasha lilelile, akatundika wa kukadiria ushuru kwa kuutazama mtaa. Buibui akawaonya: "Mabwana zangu, nyuzi mbili zikikaa mlango mmoja sina dhamana ni upi utakaotangulia kuguswa." Walimcheka. Siku ambazo uzi wa Kasuku ulitangulia, ushuru ulitoka sawasawa. Siku ambazo ulitangulia wa Kima, mteja hakuwa na mtaa na ushuru ukawa sufuri. Jambo hilo baraza lililiita kudra.

Kisha Sungura akaona vema Kasha la Wateja likibadilika lilitaarifu Kasha la Madeni, na Kobe, pasipo kumuuliza Sungura, akaona vema Kasha la Madeni likibadilika lilitaarifu Kasha la Wateja. Punda alipohama nyumba akaja kubadilisha anwani yake, kengele zililia, zikajibiwa, zikajibu. Zingelia hadi Kiyama, kama Tembo asingekuwa ametundika mkasi darini: habari ikizidi mizunguko 16 hukatwa, yote yaliyoandikwa katika safari hiyo hufutika, na hati hurudishwa mlangoni kana kwamba haikupata kuja. Punda akarudi kwake na anwani ya zamani, akiamini kwamba serikali imemkatalia kuhama.

Tembo alikuwa na masharti mengine, kwa kuwa kelele za mpangaji mmoja hazipaswi kumnyima usingizi jirani. Katika safari moja, mtunza ghala asiulizwe zaidi ya mara 100, wala kalamu isipelekwe kashani zaidi ya mara 150. Tena, nyuzi zisitundikwe kabla robo tatu ya urefu wake haijavutwa kwa majaribio uani. Sharti hili la mwisho Kima alilitimiza kwa ushupavu: aliwaajiri wapwa zake, wakavuta nyuzi kutwa kucha. Kama kengele ililia au haikulia hakuna aliyetega sikio, kwani sharti lilisema kuvuta, halikusema kusikiliza. (Aliyenipa kisa hiki alifika hapa akanyamaza kidogo, akaomba maji.)

Wapwa walijaribu kwa hati moja moja. Msafara wa karafuu ulipowasili ulileta hati 200 katika furushi moja, na uzi ukamtuma tarishi kwa mtunza ghala kwa ajili ya kila hati peke yake. Alipofungua kinywa kwa swali la 101, mkasi ulianguka, na hati zote 200 zikarudi mlangoni, hata zile mia za kwanza zilizokwisha jibiwa. Mfalme akauliza ni nani. Wakajibu ni uzi. Akauliza uzi wa nani. Wakamwambia uzi ukishatundikwa huwa hauna mwenyewe, nalo daftari la baraza likaandika: yamejifanya yenyewe.

Akaja Bibi Mchwa, aliyekwisha kuishi katika kuta za wapangaji wengi. "Wajukuu zangu," akasema, "maswali ya hati 200 yatieni kapu moja, tarishi aende mara moja. Kila kasha liwe na uzi mmoja, uishie kwa karani mmoja ajuaye lipi hutangulia lipi. Kisha tieni vigingi ukutani: kikisimama, kazi yake inakwenda; kikilazwa, imepumzika, na hamna haja ya kupanda darini." Baraza likamshukuru, likachukua vigingi, kwa sababu vinapendeza machoni pa wageni. Kapu na karani viliachwa, kwa kuwa vilihitaji kufikiri.

Siku moja zikaletwa hati kuukuu za enzi za babu yake Mfalme, na Sungura, ili aziingize bila makelele, akakilaza kigingi cha madeni mpaka alasiri tu. Alasiri ile palikuwa na karamu. Kulipokucha nyumba ilikuwa shwari: hakuna kengele, hakuna mkasi, hakuna hati iliyorudi mlangoni. Mfalme alipita, akatega sikio, akamvika Kima joho.

Huu ni mwezi wa tatu. Misafara inapakia na kuondoka, na kifuniko cha Kasha la Madeni kimeota ukungu. Buibui amepanda ukutani mara mbili akisimamishe kigingi, na mara zote mbili amemkuta bawabu mwenye rungu, aliyewekwa pale kwa amri ya Mfalme, asije mtu akauharibu utulivu.