Sisi ni Ukoo wa National

Sisi wa Uluguru ukoo tunauhesabu kwa mama. Shamba la mlimani linafuata upande huo, mjomba ndiye mwenye kauli, na baba, pamoja na heshima zake zote, ni mgeni aliyekaa muda mrefu. Ndiyo maana Philips ya baba yangu, redio nzuri tu iliyounganishwa Arusha, haikuwahi kuhesabika. Chapa ya redio tuliirithi kwa mjomba, na mjomba wangu wa Nyandira, kule Mgeta, alikuwa mtu wa National.

Hoja yake haikuwa na pa kuingilia. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe alikwenda na Morogoro Jazz kupiga muziki Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. National ilikuwa mali ya kampuni ya Matsushita, na Matsushita makao yake yalikuwa Osaka hukohuko. Kwa hiyo, alisema mjomba, Mbaraka alikwenda kuwasalimia wakwe. Mwenye Philips naye amtaje mtu wa Morogoro aliyewahi kualikwa Uholanzi. Baba hakujibu. Alizungusha kitufe, akatafuta taarifa ya habari.

Kuwa mtu wa National mlimani kulitaka moyo, maana redio ilikuwa mlafi wa betri. Betri zenyewe zilikuwa za National pia, kutoka kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam. Zikichoka, watu wa bondeni walizianika juu ya bati, jua likazirudishia uhai wa jioni moja. Mgeta jua si la kuaminika. Ukungu ukishuka mchana hata nguo zinalala na maji. Mjomba akawa anazipanga kando ya mafiga, anazigeuza kwa koleo upande huu na upande ule, kisha anaziminya kwa kidole gumba kuona kama zimeiva. Jioni moja mojawapo ilizidiwa na moto, ikapasuka na kutapika uji mweusi ndani ya sufuria ya njegere. Mkaza mjomba akamwaga njegere zote. Mjomba akaisikitikia betri.

Niliposhuka Morogoro mjini na kupanga Kihonda, nikafanya kama vijana wengi wanaohama: nikaoa nje. Nilichukua Aiwa ya deki mbili, yenye taa za kucheza. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa mtu wa Sony, na hakuficha. Jumamosi asubuhi yeye anafungulia ya kwake, mimi naijibu na ya kwangu. Wote tunapiga Morogoro Jazz ileile, ila yeye yuko kwenye ubeti, mimi niko kwenye kiitikio, na waliokuwa wakipita njiani walidhani ni kwaya iliyokosana. Wake zetu waliendelea kununua mchicha pamoja. Sisi waume hatukuazimana hata ekstensheni.

Aliyetupatanisha, bila kukusudia, ni fundi redio. Alikuwa ameshika chuma chake cha kuchomea risasi, moshi unampanda puani, akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa: Sony ilikuwa na zaidi ya nusu ya hisa za Aiwa tangu 1969, na mwaka 2002 ikaimeza yote. Mimi na jirani tulikuwa tumesimama pale kila mmoja na redio yake mkononi. Miaka yote ile ya kukomoana, fedha zetu zilikuwa zinaingia mfuko mmoja.

Nilipompelekea mjomba habari hii hakushtuka.

“Mpwa wangu, si nilikwambia kabla hujachukua kitu uulize kwanza mama yao nani? Ndivyo watu wanavyooa dada zao.”

Naye mtihani wake ulikuja. Mwaka 2008 Matsushita iliachana na jina la National, ikaanza kujiita Panasonic. Nilimpandishia redio mpya yenye jina hilo. Akaizungusha, akaipiga vidole mgongoni, akauliza huyu ni nani na amekuja kwa nani. Nikamweleza kwamba kampuni mama ni ileile ya Osaka, na National na Panasonic wamekulia nyumba moja. Akafikiri kidogo. “Basi ni wa kwetu. Mwingize ndani.” Tangu hapo amekuwa bingwa wa nasaba. Nilipomwambia kwamba JBL wanayotambiana vijana iko chini ya Samsung tangu 2017, alichotaka kujua ni kama mahari imelipwa yote.

Kuna ukoo mwingine, nao hauna mama wala mjomba: sabufa za mjini. Hizi huuzwa kwa namba. Sabufa yangu ya kwanza mbele iliandikwa wati 12,000 kwa herufi za dhahabu. Nyuma, karibu na waya wa umeme, palikuwa na kibandiko kidogo cha fedha kinachosema inatumia wati 45. Kuku gani huyo anayekula punje moja asubuhi akataga trei? Nilimuuliza muuzaji, akaniambia zile za nyuma ni za kiwandani, za mbele ndizo za mteja.

Nayajua mahesabu. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu ya amplifaya inatakiwa izidi karibu mara kumi. Ukiongeza wati mara mbili tu, unapata tofauti ndogo ambayo anayeisikia vizuri ni yule aliyelipa. Lakini mwenye kulipa ni mimi, na mimi niliisikia. Vyombo pia viliisikia. Jioni ya kwanza niliiweka sabufa juu ya kabati, na besi ilipoingia glasi za harusi zikaanza kutembea kwa mstari kuelekea ukingoni. Mama watoto alidaka mbili. Ya tatu iliwahi. Akatoa amri sabufa ikae sakafuni, na tangu siku hiyo wanaoisikiliza vizuri ni watoto wa jirani, kwa kupitia visigino.

Baada ya sabufa ukaja muziki wa spika tano, ule unaojiita sinema ya nyumbani. Ulinitosha hadi nilipouona wa mwenzangu, hapo nikaamua wangu upande Mgeta. Konda wa gari la Mgeta aliutoza boksi nauli ya mtu mzima, akalikalisha dirishani, mimi nikasimama. Kwa mjomba sebule ilitosha spika tatu. Ya nne tukaipeleka jikoni, ya tano tukaitundika karibu na banda la mbuzi. Mbuzi wa maziwa wa Mgeta asili yao ni Norway, Mbaraka hawamjui. Alipoanza kuimba waligoma kukamuliwa.

Mjomba alichukua fimbo yake akakagua. Aliinamisha sikio kwenye spika ya kwanza, ya pili, akaenda jikoni, akazunguka bandani, akarudi.

“Mpwa wangu, umenunua Mbaraka watano, na wote wanasema neno lilelile.”

Hapo hana kosa. Rekodi nyingi za bendi za enzi zile zilipigwa mono: bendi nzima chumba kimoja, maikrofoni za kuhesabika, mkupuo mmoja, basi. Kilichoingia kwenye mkanda ni njia moja, na ukiigawa kwa spika tano unapata njia moja mara tano. Sabufa iliyokuja na spika hizo nayo ilisubiri besi ambayo mkanda haukuwa nayo, ikaambulia mngurumo wa umeme, ikaukuza kwa nguvu zake zote.

Pamoja na hayo, sikubali kuitwa mwenye tamaa. Tazama biashara ilivyo kati yetu na mlima. Mlima unatuteremshia kabichi, karoti, viazi, njegere na maji ya kunywa. Sisi wa mjini tunaupandishia nini? Redio tulizozichoka. Aiwa yangu iko kwa mtoto wa mkaza mjomba, deki moja bado inameza kaseti na kuitema. Sabufa yangu ya kwanza inachezesha watu kwa kinyozi wa Nyandira, na spika ya tano imebaki bandani kwa sababu mbuzi wameshaizoea. Nikiridhika mimi, ukoo mzima unakaa kimya.

Juzi nimebadilisha tena. Kabla sijamwambia mtu, simu ikaita.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Hilo ulilonalo sasa, unatarajia kulichoka lini?”

Nikamwambia labda mwezi wa saba. Akasema mwezi wa saba hapana, ana mavuno. Nijitahidi kulichoka mapema kidogo.