Tajiri na Dereva Katika Kiti Kimoja

Kwa Mjomba wangu mheshimiwa, Pangani.

Mimi ni mzima, utingo ni mzima, na gari, ingawa si zima, lina nia njema. Nimeegesha nje ya mji wa Kolwezi, upande wa Kingamyambo, nikingoja zamu ya kupakia. Na mbele ya kioo changu umetanda mchanga wa kijivu ambao wakati wa kiangazi upepo huuinua na kuwagawia watu wote bila upendeleo, katika chai, katika shuka na katika chujio la hewa la injini. Mchanga huo ni mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa tangu zama za Wabelgiji hata zama za shirika la dola lililowarithi mwaka 1967, ukamwagwa hapa na katika bonde la mto Musonoi hadi ukakaribia tani milioni 113, kwa dhana kwamba haufai tena kitu. Na leo umegeuziwa macho, unasombwa na kuoshwa upya kwa ajili ya shaba na kobalti iliyosalia ndani yake. Basi usistaajabu, Mjomba, nikikwambia kwamba katika nchi hii hata kilichotupwa kina thamani kuliko mpwa wako.

Najua kwamba huko nyumbani, tangu nilipoacha kuendesha magari ya watu na kununua langu, nimepewa jina la tajiri, na kwa desturi ya kazi yetu hamkukosea, kwa kuwa mwenye gari, hata kama gari lenyewe lilitoka bandarini kwa kusukumwa, huitwa tajiri na madereva, mafundi, madalali na wauza kahawa wote wa njiani. Lililofichikana kwenu ni kwamba tajiri huyo na dereva wake wanakaa katika kiti kimoja, wanavaa shati moja, na hawapatani. Dereva aliyeajiriwa, likimfika la kumfika porini, humpigia simu tajiri wake, akalalama, akatumiwa fedha, akalala usingizi. Mimi nikimpigia tajiri wangu, simu inalia mfukoni mwangu. Dereva anataka kulala Mafinga kwa sababu ya baridi na uchovu, tajiri anataka alfajiri imkute Makambako. Dereva anadai posho, tajiri anajibu kwamba safari hii hali ni nzito na kwamba subira ni ufunguo wa faraja. Na hata wizi wa dizeli, ambao kwa baadhi ya wenzetu ni riziki ya pili, mimi umeniharamikia mara mbili, kwanza kwa dini, na pili kwa hesabu. Ugomvi wote huo huamuliwa na utingo, ambaye hupendelea upande wowote utakaomlipa malimbikizo yake.

Safari yenyewe, kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi hapa, inazidi kilomita 2,000, na sehemu yake kubwa ni njia ile ile uliyokuwa ukitusimulia tukiwa wadogo, waliyoipita madereva wa rika lako baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ikafungiwa mlango wa kusini, ikalazimu petroli yake ipande kwa malori kutoka Dar es Salaam na shaba yake ishuke kwa njia hiyo hiyo, vumbi kiangazi na tope masika, hata ikaitwa Njia ya Jehanamu. Leo njia ni lami, reli ya TAZARA iko ubavuni mwake tangu miaka ya sabini, na jehanamu imehamishiwa kwenye makaratasi. Mlima wa Kitonga haunitii fadhaa kama unavyonitia mzani wa Vigwaza, kwa kuwa sheria inataka gari na shehena yake visizidi tani 56, na faini ya kuzidisha, ambayo kwa mwenye kampuni ya magari mia ni kazi ya karani, kwangu ni kazi ya tumbo. Pale Mikumi, ambapo barabara inapasua hifadhi, limesimamishwa bango linalotaja faini ya kila mnyama atakayegongwa, nami nimelisoma kwa makini kila nilipopita, nikabaini kwamba miongoni mwa viumbe wote watumiao barabara hiyo asiyetajiwa bei ni mimi.

Kasumbalesa ndipo Zambia inapokwisha na Kongo inapoanza, ingawa baina ya kwisha huku na kuanza huko mtu aweza kuota ndevu. Foleni ya malori hupimwa kwa kilomita, na mkaazi wa foleni hana budi kujifunza adabu zake: asilale wakati aliye mbele yake akiwasha injini, asiache mwanya ambao mjanja anaweza kuingiza pua ya gari, wala asimuulize wakala wa forodha swali ambalo jibu lake ni kesho. Mwezi wa Agosti 2024, Kongo ilipokuwa imepiga marufuku soda na bia kutoka ng'ambo ya mpaka, wasafirishaji wakanung'unika na kuandamana, na Zambia nayo ikafunga njia zake za upande huu kwa siku chache. Na hivyo shaba inayongojewa na viwanda vya mataifa makubwa, ambayo wataalamu husema kwamba bila yake hakuna waya wala gari la umeme, ikakaa juani kwa ajili ya ugomvi wa vinywaji. Sisi madereva, ambao ndio tuliokuwa na kiu, hatukuulizwa nadhari yetu.

Ukishavuka, jambo la kwanza linalokupokea ni kwamba Wakongo wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Gari langu lilizaliwa Uingereza na usukani wake uko kulia, kwa hiyo huku nakaa ukingoni kabisa, jirani na mbuzi na magunia ya makaa, na mwenye kuona kinachokuja mbele ni utingo. Kijana huyu ana elimu njema na kipaji cha ufasaha, sifa ambazo kwingineko zingemfaa sana. Juzi, baina ya Likasi na Fungurume, tulikuwa nyuma ya lori la asidi lililokuwa likijikokota, nikamuuliza, "Vipi mbele?"

"Kweupe, tajiri," akasema.

Nikatia gia, nikatoa pua ya gari.

"Isipokuwa," akaongeza kwa utulivu, "naona kuna lori la chokaa kwa mbali."

"Mbali kiasi gani?"

"Lilikuwa mbali ulipouliza."

Nilirudi nyuma ya asidi kwa kasi ambayo injini hii haikuwa imeidhihirisha tangu niinunue, na tangu siku hiyo tumeafikiana kwamba jibu lolote la mbele ya barabara lisizidi neno moja, na ufasaha uliobaki aufanyie barua za mchumba wake.

Ama fedha ya huku ni mbili, faranga ya nchi na dola ya Marekani, na kila moja ina sheria yake. Dola hukaguliwa kama mposaji. Mama mmoja aniuziaye bukari na sombe karibu na maegesho alipokea noti yangu ya dola ishirini, akainyoosha juani, akaipindua, akapitisha kidole pembezoni mwake polepole, akasimama penye ufa usiofika nusu ya ukucha. "Hapana, papa," akasema kwa huruma, "hii iko na kilonda." Nikamsihi kwamba kidonda hicho hakijafika kwenye tarakimu, na kwamba huko ilikotoka noti hiyo bado inahesabiwa kuwa hai, akatikisa kichwa. Ikanibidi nilipe kwa faranga, zilizochakaa hata huwezi kutambua kama kilichochorwa juu yake ni mnyama au ni mlima, naye akazipokea kwa shukrani, akazihesabu, akanirudishia chenji ya noti duni kuliko hizo. Nilipowauliza wenyeji hekima ya kadhia hii, wakanieleza kwamba faranga ni ya kutumia na dola ni ya kuweka, na mwenye kuweka hataki kuweka kitu chenye kovu. Sasa noti zangu za dola hulala katikati ya daftari, zimenyooka, na mimi hulala nyuma ya kiti, nimejikunja.

Shehena tunayoshuka nayo ni mabamba ya shaba, yamefungwa kwa mikanda ya chuma, mafungu mafungu, kila fungu lina tani mbili na kitu. Shaba ni nzito hata mafungu machache yaliyopangwa chini ya turubai yanamaliza uzito wote ulioruhusiwa, na tela linabaki kuonekana tupu, na asiyejua akadhani nimedhulumiwa mzigo. Mwezi Mei 2024 bei ya tani moja katika soko la London ilipita dola 10,000. Fanya hesabu, Mjomba, uone ya kuwa mtu mwenye tani thelathini mgongoni amebeba zaidi ya dola laki tatu, akilala juu yake macho wazi kwa hofu ya wezi wanaovizia malori kwenye foleni usiku, na mtu huyo huyo asubuhi yake anamlilia muuza tairi amkopeshe moja ya mtumba. Sijui kazi nyingine ambayo mtu huwa karibu na mali kiasi hicho na mbali nayo kiasi hicho kwa wakati mmoja, isipokuwa labda ya karani wa benki, naye ana kiyoyozi.

Na usidhani kwamba mwenye gari lake hana bwana. Kongo ndiyo itoayo zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia, na bei ya madini hayo ilipoanguka, serikali ikasimamisha kuyapeleka nje tarehe 22 Februari 2025, kisha kuanzia Oktoba ya mwaka huo ikaruhusu kwa viwango maalumu. Wenye elimu ya uchumi wameisifu tadbiri hiyo na wameilaumu. Mimi naielewa kwa dalili moja tu, kwamba magari yaliyokuwa yakibeba kobalti yalihamia kwenye shaba, nauli ikashuka, na dalali aliyekuwa akinipigia simu kabla ya swala ya alfajiri akaacha kupokea ya kwangu hata baada ya isha. Kampuni zenye mikataba hupakia kwanza, na sisi wenye gari moja moja hupewa kilichosalia. Siku hizi sehemu ya shaba ya Kolwezi inapelekwa kwa reli hadi Lobito, upande wa bahari ya Atlantiki, na treni, kwa bahati yake, haina utingo wa kuiambia kweupe.

Nimepokea pia orodha ya maombi ya jamaa. Vitenge vya Kongo nitaleta, kwa kadiri ya nafasi iliyopo chini ya kitanda changu. Lakini yule kijana aliyeomba jiwe la kobalti ili achajie simu yake, mwambie kwa upole kwamba jiwe halina moto wake wenyewe, na kwamba mtu akikutwa na madini mpakani bila kibali hupata chumba cha bure, lakini hapewi simu. Hapa Kolwezi kwenyewe, mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mtu alichimba uani kwake akakuta mawe ya kobalti, na si muda mrefu majirani wakawa wanachimba hadi chini ya sakafu za vyumba vya kulala. Watu walifukiwa humo wakafa. Si mawe ya kuchezea.

Sasa nije kwenye shauri uliloniandikia, la kuuza shamba la minazi ili binamu yangu naye anunue lori. Sitakuficha kwamba kazi hii ina heri yake: paa la nyumba ya mama limeezekwa kwa gari hili, ada za shule zimelipwa kwa gari hili, na hakuna msimamizi anayenifokea, kwa kuwa anayestahiki kunifokea ameshachoka kama mimi. Lakini faida huja mwisho wa mwaka ikiwa imekonda, baada ya dizeli, tairi, vibali, ushuru wa barabara, na risiti zenye mihuri mingi kuliko maneno. Mwenye magari hamsini, likimharibikia moja, bado anayo arobaini na tisa ya kumlisha. Mwenye moja, siku difu inapokatika baina ya Serenje na Mpika, amebaki na deni, mvua na utingo.

Kwa hiyo nadhari yangu, Mjomba, ni hii. Minazi usiiuze, kwa maana mnazi haudai tairi. Binamu na aje kwangu awe utingo kwa mwaka mzima, kwani huyu wa sasa ameazimia kuoa na kukaa nchi kavu. Na akiisha kupita kiangazi na masika, na Kasumbalesa mwaka wa uchaguzi na mwaka usio wa uchaguzi, na bado moyo wake unataka, tutatafuta mshirika mwaminifu, tutanunua kichwa na tela kwa fedha taslimu bila mkopo, na thamani ya seti moja ya tairi itawekwa kando kabla mtu yeyote hajamwita tajiri. Aje na pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, noti za dola zisizo na kilonda, na macho mazima. Na akiulizwa kuhusu mbele, ajibu kwa neno moja.

Wasalaam,
Mpwa wako, tajiri na dereva.