Muulize Mjomba Mjuzi: Lugha Tatu na Kuku Mmoja

"Mjomba, shikamoo. Nimetunga lugha tatu za kwangu. Moja ina ngeli kumi na mbili, moja ina nyakati tisa, ya tatu huanza na kitenzi kila mara. Nashindwa kujua ipi ina sarufi bora, na usingizi sipati. Nifanyeje?"
– Baba wa Watatu, Morogoro

Marahaba, Baba wa Watatu. Umebisha hodi penyewe. Mimi ndiye mtunzi wa Kimjomba, lugha yenye wakati uliopita wa aina nne: nilioushuhudia, niliosimuliwa, ninaoukana, na ule wa wanaonidai. Hadi leo hajatokea mtu wa kukizungumza vibaya, kwa kuwa hajatokea wa kukizungumza.

Usicheke. Mwandishi Mmarekani Suzette Haden Elgin, alipoanza kutunga Láadan mwaka 1982, aliweka kijineno mwishoni mwa sentensi kinachoonyesha msemaji habari kaipata wapi: kaiona mwenyewe, kaiota, au anamwamini tu aliyemwambia. Hebu tukilazimishe kijineno hicho kwenye vikao vya harusi. Kamati itavunjika kabla soda hazijafika.

Na hizo ngeli kumi na mbili unamringia nani? Kiklingoni, alichokitunga Marc Okrand kwa ajili ya filamu za Star Trek na kukitolea kamusi mwaka 1985, kina viambishi vitatu vya wingi: cha viumbe wanaosema, cha viungo vya mwili, na cha vitu vingine vyote. Nilipomweleza bibi yangu, aliuliza tu miti wameiweka wapi.

Kuhesabu ngeli mwachie karani. Wewe uliza: katika kila lugha, nani kapewa kazi ya kutuambia nani kamtenda nani? Zamenhof, daktari wa macho mjini Warsaw, alipotoa Kiesperanto mwaka 1887 kazi hiyo aliipa herufi n. Mtendwa akishavaa n mwishoni, maneno yazurure yatakavyo. Kiklingoni hutegemea foleni: mtendwa mbele, kitenzi katikati, mtenda nyuma. Kiswahili kimemtwika kitenzi. Sema "ugali anakula Juma", ile a- itamsaliti Juma palepale. Ila jaribu "simba anamla fisi" kisha uwabadilishe nafasi. Wote ni ngeli moja, a- haikusaidii kitu, na aliyekuwa mlaji sasa ni kitoweo.

Tukishafika kwenye kitoweo, siwezi kunyamazia suala la kuku wangu. Shahidi wangu mwenyewe alisimama mbele ya balozi wa nyumba kumi akasema: "Mjomba analalamika kwamba mwenye nyumba amemla kuku wake." Balozi akauliza, mtu kula kuku wake kosa liko wapi? Kesi ikafia hapo, na supu ilikuwa bado inanukia! Kwa Kiesperanto nisingeonewa. Wana *sia* ya mali ya mtenda mwenyewe, na *lia* ikiwa mali ni ya bwana mwingine. Ndiyo maana Kimjomba kina kimilikishi cha "wake ambaye kwa kweli ni wangu", kinachotumika kwa kuku, miavuli na majembe yaliyoazimwa.

Watakuja wa kukushauri upunguze makali. Padri Johann Martin Schleyer wa Ujerumani alishauriwa hivyo. Volapük yake ya mwaka 1879 ilikuwa na nomino zinazobadilika kwa hali nne na vitenzi vya kutisha, na bado mwaka 1889 watu walikutana Paris wakaendesha mkutano mzima kwa lugha hiyo. Walipotaka kuirekebisha, padri akasema mwenye mali ni yeye. Wengi wakamkimbia, baadhi wakaangukia Kiesperanto. Mimi niko na padri mia kwa mia.

Sasa dawa. Sentensi ya kuku iandike kwa lugha zako zote tatu, uzianike kwenye kamba ya nguo. Jirani mfundishe kila moja kwa jioni moja, kisha umuulize kuku ni wa nani. Itakayompa jibu ndiyo bora. Itakayoshindwa iongezee kiambishi, uinyweshe uji wa ulezi, uijaribu tena mwezi ukiandama. Jirani akihama, hama naye.

Mhariri ananikodolea macho, nafasi imekwisha. Wewe Mke wa Mkoromaji wa Tanga, barua yako ndefu nimeisoma yote. Mgeuze ubavu.