Namna ya Kumrudisha Mteja na Betri Yake

Hongera kwa kuajiriwa dukani kwetu. Kuuza betri kila mtu anaweza. Wewe tumekuweka kwenye kaunta ya waranti.

Mteja ataingia asubuhi, jasho linamtiririka, betri kaipakata kama mtoto aliyezimia. Usimuulize imekuwaje. Muulize risiti, tena ya EFD. Karatasi hizo zikikaa juani wino hufifia, na wateja wetu huziacha juu ya dashibodi. Akitoa karatasi nyeupe pe, igeuzegeuze kwa huzuni: "Mzee wangu, hapa hapajaandikwa kitu."

Risiti ikisomeka, hamia kwenye kadi ya waranti. Lazima iwe na muhuri, tarehe na namba ya gari. Kadi tunazijaza sisi wenyewe siku ya kuuza, kwa hiyo nafasi moja iache wazi kila mara.

Sasa kipimo. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6, ikisoma 12.0 iko karibu tupu. Fundi mwaminifu angeichaji ijae kwanza, kisha aipe mzigo aone kama volti zinaporomoka. Wewe ipime hivyohivyo ilivyo tupu, mwonyeshe namba, kunja uso: "Altaneta yako haichaji." Akikuita kwenye gari nje, injini ikaunguruma na mita ikasoma 14.2, altaneta ni nzima. Usione haya, hamia kwenye redio na alamu: "Basi umeme unavuja, bosi." Dar hii gari gani halijaunganishwa waya na fundi wa chini ya mwembe?

Lakini silaha yetu kubwa ni subira. Mwambie aiache, mtaalamu atakuja Jumatatu. Jumatatu mtaalamu ana msiba. Betri hizi za risasi na tindikali zikikaa bila chaji, sahani zake huota salfeti, na wiki zikipita salfeti hiyo huwa ngumu, ikawa haitoki tena hata ukiichaji usiku kucha. Kwa hiyo betri iliyokuja na homa itafia rafuni mwetu, na kwenye fomu utaandika: "Iliachwa muda mrefu bila chaji." Hapo hujasema uongo. Nani aliiacha, fomu haiulizi.

Tahadhari moja. Yupo mteja aliyeipiga picha risiti siku ileile, akakagua kadi kabla ya kutoka dukani, na leo amekuja na karatasi ya fundi umeme yenye volti za altaneta. Huyo atakwambia, "Ichajini, nasubiri," kisha akae kwenye benchi na gazeti. Akianza kuitaja Tume ya Ushindani, usibishane naye. Mpe betri mpya, kwa sauti ya chini, foleni isisikie.

Kadi mpya usimpe. Waranti inaendelea na tarehe ya ile ya zamani, na ya zamani inaisha Ijumaa.