Jinsi ya Kukausha Mrehani Kitaalamu

Mrehani ukikosa maji hukauka wenyewe. Hilo hata mvivu analiweza. Wewe ni mkulima msomi. Unataka ukauke ukiwa umetiwa dawa hai ya kuukinga na kiu, mbele ya mashahidi. Sogea, nikunong'oneze.

1. Nunua pakiti ya dawa hiyo. Usisome maelezo, tazama picha ya jani. Ndani huenda mna fangasi wanaoshikana na mizizi: hutandaza nyuzi nyembamba hadi kwenye vipenyo vya udongo ambamo mzizi haupiti, humletea mwenyeji wao maji na fosforasi, naye huwalipa sukari. Au mna bakteria wa jamii ya Sudomonasi, wasio na ganda la kujikinga na joto. Wote ni viumbe hai. Kwa hiyo waache kwenye dashibodi ya gari, jua la Tanga liwashughulikie mpaka Jumamosi.

2. Koroga kwa maji ya bomba. Klorini imetiwa humo iue bakteria, nawe unatia bakteria; wakutanishe. Wenzako huacha ndoo wazi usiku kucha klorini ipungue, lakini wewe huna muda huo. Umebakiwa na dawa ya ukungu? Mimina humo humo. Nyingi haziulizi fangasi yupi rafiki na yupi adui.

3. Shindilia DAP, mbolea ya fosforasi. Hapa usiwe bahili, maana ndipo penye ufundi wenyewe. Mmea uliojaziwa fosforasi hauoni sababu ya kumlipa fangasi sukari yake, humfungia mlango. Utakuwa umenunua vitu viwili vinavyofutana, na risiti zote mbili zina mhuri.

4. Chelewa. Fangasi huhitaji wiki kadhaa kuzoeana na mizizi, ndiyo maana watu wa pupa huwatia kitaluni au siku ya kupandikiza miche. Wewe ngoja majani yalegee kabisa, kisha nyunyiza juu yake saa saba mchana. Mizizi iko chini, najua, lakini picha hupigwa juu. Vaa kofia pana.

5. Usibakize tuta hata moja bila dawa. Tuta la namna hiyo hutoa ushahidi. Mvua ikinyesha, sema dawa imefanya kazi. Isiponyesha, kiangazi kilizidi. Samadi iliyooza na nyasi za kufunika udongo usiziguse: hazina lebo, na nani alishapigiwa makofi kwa ajili ya nyasi?

6. Sasa uza. Mrehani uliopata kiu ya wastani mara nyingi huwa na mafuta mengi zaidi ya harufu kwa uzito wa jani, ingawa majani yenyewe hupungua. Ukweli huu ni mtamu mno kuuacha. Ukibaki na vijiti vinne, wapelekee akina mama watunga vikuba, useme ulilima harufu, hukulima majani. Mama akinusa, nyamaza. Akiuliza bei, taja ya fungu zima. Akikuambia, "Mwanangu, wa jirani yako una harufu na majani pia," yule jirani aliyechovya mizizi ya miche kwenye dawa ileile na kuitandazia nyasi, mjibu kwa heshima: "Shikamoo mama, na yeye amepiga picha?"