Ratiba Ukutani, Mtungi Mkononi

Matayarisho ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, mtaani Magongo huanza na ratiba. Mtihani wenyewe, unaotungwa na Baraza la Mitihani la Kenya na uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, haudai ratiba yoyote, lakini ni nadra kumpata mtahiniwa aliyefungua kitabu cha kemia kabla ya kuichora. Huchorwa kwenye karatasi ya manila, kwa rula na kalamu za rangi nne, na kazi hiyo humaliza wikendi nzima. Saa kumi alfajiri: hesabu. Saa kumi na moja: fizikia. Saa kumi na mbili: kuoga. Jumapili jioni hubandikwa ukutani, jirani akaitwa kuiona, mama akaiombea dua, na mtahiniwa, aliyechoshwa na uchoraji, akalala hadi saa moja asubuhi ya Jumatatu.

Kasoro ya ratiba hii si uvivu wa mchoraji. Kasoro ni kwamba imechorwa kana kwamba anaishi peke yake. Magongo iko Changamwe, Mombasa, kati ya bandari na Uwanja wa Ndege wa Moi, na kila kimoja kati ya hivyo viwili kina ratiba yake. Matrela yaliyobeba makonteina hunguruma usiku kucha. Ndege hushuka wakati mtahiniwa anapofika katikati ya sentensi ndefu ya historia, naye huianza upya. Ijumaa na Jumamosi kuna harusi, na spika za harusi ya pwani hazikuundwa kwa ajili ya wanaosoma bayolojia nyumba ya pili.

Juu ya yote kuna maji. Mfereji una saa zake, ambazo haujawahi kumtangazia mtu. Mara tu sauti inapopazwa uani kwamba maji yametoka, mtahiniwa, kwa kuwa ndiye mwenye nguvu nyumbani, huwa wa kwanza kushika mitungi, na fizikia huahirishwa. Kwa kweli haiahirishwi. Mtungi wa lita 20 ukiwa umejaa una uzani wa kama niutoni 200. Ukipandishwa hadi orofa ya tatu, kimo cha mita 9 hivi, aliyeubeba amefanya kazi ya jouli 1,800, achilia mbali ule mtungi mtupu. Safari sita hufikisha jouli 10,800. Swali la namna hii likitokea karatasini, mtahiniwa huyo huyo huliruka, akidai kwamba mada ya kazi na nishati hakuwahi kuielewa.

Ratiba inayofaa, basi, huchorwa kinyumenyume. Kwanza huandikwa yasiyosogea: maji, sala au ibada, zamu ya kupika, kumchukua mdogo madrasa, saa ambazo tokeni za stima huelekea kuisha na pangaboi kusimama. Kinachobaki baada ya hapo ndicho muda wa kusoma, nao huwa vipande vya dakika ishirini au thelathini, pengine saa moja nzima baada ya alfajiri kabla honi za matatu hazijaanza. Ratiba ya namna hii haipendezi ukutani, na hakuna jirani atakayeitwa kuitazama. Lakini hufuatwa. Wapo wanaoamua kuvuka daraja la Makupa kwenda maktaba ya umma kisiwani. Hao hupata utulivu wa kweli, ila nauli ya kwenda na kurudi ikipigiwa hesabu ya mwezi hukaribia kula pesa za tuisheni.

Baada ya muda kupatikana hufuata namna ya kuutumia, na hapa ndipo madhara makubwa hutokea kimyakimya. Chombo kinachoaminiwa kupita vyote ni ile kalamu ya kupaka rangi ya manjano. Siku ya kwanza hupakwa maneno muhimu; siku ya pili hupakwa sentensi zenye maneno muhimu; kufikia mwisho wa wiki ukurasa mzima wa jiografia ni wa manjano, na kilichobaki cheupe ndicho kinachovuta macho. Wa pili kwa kuaminiwa ni mtindo wa kusoma sura ile ile mara tano mfululizo hadi ionekane rahisi. Inaonekana rahisi kwa sababu imezoeleka machoni, na mazoea ya macho hayapewi alama.

Jambo hili limechunguzwa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijikaririsha mwenyewe silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo yake mwaka 1885: mtu husahau sehemu kubwa ya alichojifunza katika saa za mwanzo tu, kisha usahaulifu hupungua kasi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu cha maandishi. Baadhi walikisoma tena. Wengine walikifunika na kujaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokuwa mbele. Mtihani wa kitaifa hauji baada ya dakika tano.

Kwa mkazi wa Magongo habari hiyo ni njema kuliko anavyodhani, maana kujipima hakuhitaji meza, wala taa, wala ukimya. Foleni ya maji yatosha. Anayesubiri zamu yake bombani anaweza kutaja kwa moyo hatua za usanisinuru, kisha vyanzo vya vuguvugu la Mau Mau, na pale anapokwama akajua kwamba hapo ndipo pa kurudia akifika nyumbani. Majirani watadhani amechanganyikiwa kidogo. Mwezi wa Oktoba hawatashangaa, kwa kuwa wamekwisha kuwaona wengi.

Somo linalostahili kutajwa peke yake ni Kiswahili, kwa kuwa ndilo somo ambalo mtahiniwa wa Mombasa hujiandaa kutojiandaa. Hoja yake huwa moja: lugha ni yetu. Kitabu cha sarufi humwachia mtu wa bara. Kisha hufika karatasi ya pili, yenye alama 80, ambamo ufahamu una 15, ufupisho 15, isimujamii 10, na matumizi ya lugha 40 nzima. Humo mwenye lugha huambiwa achanganue sentensi kwa jedwali, abainishe mofimu, aseme neno fulani liko katika ngeli gani. Hajawahi kuhitaji kujua ngeli ili kununua mbaazi. Mwenzake wa bara, aliyezikariri ngeli zote jedwalini maana hakuwa na njia nyingine, amekwisha kugeuza ukurasa.

Katika insha mambo huwa afadhali, lakini si sana. Karatasi ya kwanza hutaka insha mbili, kila moja yenye alama 20. Ya kwanza ni ya lazima, na ya pili huchaguliwa kati ya maswali matatu. Mtoto wa pwani hana shida ya maneno: methali anazo, utani anao, kisa cha mjomba aliyezamia Arabuni anacho. Ila huandika anavyosema. “Nshafika” na “ntakwambia” humtoka bila yeye kujua, na “hiyo kitu” hufuata nyuma. Msahihishaji hana chuki na Mombasa. Ana mwongozo wa kusahihisha na kalamu nyekundu. Dawa ni kuandika insha moja kila wiki na kumpa mtu mkali aisome. Mtu mkali si rafiki. Shangazi aliyewahi kuwa mwalimu huwa bora kabisa, hasa akiwa na miwani.

Fasihi nayo ina ajali yake, nayo ni muhtasari. Kijitabu chembamba cha maswali na majibu huahidi kuitoa tamthilia ya Bembea ya Maisha katika kurasa chache, maudhui na wahusika na mbinu zote zikiwa zimepangwa. Aliyekisoma hicho hujua kwamba mhusika fulani ana busara. Swali likimpa kauli ya tamthilia na kumtaka aeleze muktadha wake, yaani ni nani aliyesema, akimwambia nani, wapi na kwa nini, hubaki na ile busara mkononi asijue pa kuiweka. Kuisoma tamthilia yenyewe mara mbili huchukua muda mfupi kuliko kumtafuta mwenye muhtasari.

Hesabu huhitaji maneno machache. Kila karatasi ina sehemu ya kwanza yenye maswali 16 ya lazima na alama 50, na ya pili yenye maswali manane ambayo huchaguliwa matano. Wapo wanaojibu yote manane ili Baraza lijichagulie. Ukarimu huo hauna malipo. Kikokotoo kinaruhusiwa ikiwa hakipigi kelele na hakiwezi kuingiziwa programu, na mtahiniwa mwenye akili hutumia chake mwenyewe. Cha kuazima kinaweza kuwa kilibaki kwenye radiani tangu mwenyewe amalize shule, na hapo saini ya 30, ambayo tangu kidato cha pili imekuwa nusu, hutokea kuwa hasi 0.988. Mtahiniwa huamini mashine, huandika hasi 0.988, na mnara wa taa aliokuwa akiutafutia urefu huzama chini ya bahari.

Karatasi za vitendo, yaani praktiko, huzua utafiti wa aina ya pekee. Kwa kuwa shule hupewa siri ya vifaa vya kutayarisha mapema kidogo, watahiniwa huanza kumpeleleza mwalimu wa bayolojia sokoni. Akionekana amebeba papai, habari hufika Chaani kabla yeye hajafika nyumbani, na usiku huo papai hupasuliwa katika kila jiko, mbegu zikahesabiwa, mpangilio wake ukachorwa na kuandikwa majina. Mara nyingi mwalimu alikuwa akipeleka tunda kwa watoto wake. Hata hivyo hasara si kubwa: papai limeliwa, na mchoro wa tunda ni mchoro wa tunda.

Utafiti wa hatari ni ule wa kununua karatasi yenyewe. Udanganyifu wa mwaka 2015 ulitia doa mitihani yote, na mwaka uliofuata waziri wa elimu, Fred Matiang'i, aliivunja bodi ya Baraza na kumweka Profesa George Magoha kuwa mwenyekiti wake. Karatasi zikaanza kufungiwa katika makonteina ya chuma yanayolindwa na askari, na siku za maombi na za kuwatembelea wanafunzi zikapigwa marufuku muhula wa tatu. Matokeo ya mwaka 2016 yalipotangazwa, waliopata A nchi nzima walikuwa 141. Tangu hapo biashara ya karatasi imehamia simuni. Muuzaji hujitambulisha kwa picha ya nembo ya serikali, hupokea pesa kwa M-Pesa, kisha hutuma mtihani wa majaribio wa kaunti nyingine uliofutwa tarehe. Aliyetapeliwa hawezi kwenda kushtaki, maana kosa la kwanza atakaloliripoti ni lake mwenyewe. Wengine huusoma usiku kucha kwa kuwa wameulipia, na huo ndio usiku waliosoma kwa bidii kuliko wote; majuto yao ni kwamba ungepatikana bure kwa mwalimu.

Usiku wa kuamkia mtihani haufai kusomea. Hufaa kutafutia vitu: kalamu mbili zinazoandika, penseli, rula, kikokotoo kilichojaribiwa, kitambulisho cha shule, na namba ya mtihani yenye tarakimu 11. Namba hiyo hukaririwa au huandikwa kwenye karatasi ya kubaki nje ya chumba. Kuiandika kiganjani ni kujitafutia balaa, kwa kuwa msimamizi akiona wino mkononi hana muda wa kuuliza ni tarakimu za nini. Chakula cha asubuhi kiwe kile tumbo lilichokizoea: mahamri, chai, basi. Viazi karai vyenye ukwaju na pilipili ya kutosha vina sifa zao, lakini sifa hizo hujitokeza baada ya saa mbili, na karatasi ya lugha ni ya saa mbili na nusu.

Karatasi ya asubuhi huanza saa mbili, na Novemba ni msimu wa vuli. Mvua za El Niño za mwaka 2023 zilifurisha mitaa ya Mombasa mtihani ukiwa unaendelea. Hata bila El Niño, trela moja likikwama njia ya kwenda mzunguko wa Changamwe, kila tuktuk nyuma yake husimama, na bodaboda hupandisha nauli kwa kumtazama tu abiria aliyevaa sare. Anayesoma mbali na mtaa wake hulala kwa jamaa aliye karibu na shule, au huondoka gizani akafika kabla ya bawabu. Kusubiri langoni saa nzima huchosha, lakini ni uchovu usiokatwa alama.

Kati ya karatasi moja na nyingine kuna jambo moja la kukwepa: mahakama ya langoni. Wanafunzi hukusanyika chini ya mwarobaini, jibu la swali la 14 hupigiwa kura, na anayesema kwa sauti kubwa zaidi hushinda. Aliyekuwa amepata sawa hurudi nyumbani akiwa amekosa, na jioni anayopaswa kurudia kemia huitumia kuomboleza hesabu. Anayejiandaa vyema hupita kando, akanunua juisi ya ukwaju, akaenda zake.

Karatasi ya mwisho ikishakusanywa, hakuna la kutayarisha tena hadi matokeo, ambayo miaka ya karibuni yamekuwa yakitoka Januari. Kinachofaa kuharakishwa ni kuuza vitabu vya fasihi kwa wa kidato cha tatu, maana vitabu teule hubadilishwa. Chozi la Heri na Kigogo zilipopisha Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha, waliochelewa kuuza walibaki na nakala zisizo na mnunuzi ila muuza njugu, naye hununua kwa kilo.